Kalori za Tambi Ziko Kwenye Tui

Pakiti yenyewe ina maji mengi kuliko chakula. Ukiishika inabonyea, na ndani yake kuna nyuzi nyeupe zinazong'aa, zimejikunja na kulala kimya. Haziuzwi katika kila duka la mtaani, lakini ndugu akirudi safari Dubai au Muscat anaweza kukutilia mbili tatu kwenye begi, pamoja na karatasi aliyokatiwa na daktari wa huko. Ni tambi za konjaki, ambazo Wajapani huziita shirataki. Kinachomvutia mtu ni namba iliyoandikwa mgongoni: gramu 100, kalori 10, na wakati mwingine chini ya hapo. Tambi za ngano zilizozoeleka zina kalori 350 hadi 370 kwa uzito huohuo.

Hesabu hiyo ya dukani inatia tamaa, ila ina ujanja ndani yake. Tambi za ngano zimepimwa zikiwa kavu, na hizi za konjaki zimepimwa zikiwa zimelowa. Gramu 100 za tambi kavu zikichemshwa hunywa maji na kuwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo gramu 100 zilizokwisha iva hubaki na kalori 150 au 160 hivi. Tofauti bado ni kubwa mno, lakini ni ya mara kumi na tano, si ya mara thelathini na tano. Anayetaka kupunguza unene au kuituliza sukari ya mwili aianzie hapo hesabu yake, chakula kilichoiva kwa chakula kilichoiva.

Halafu aulize swali la pili, ambalo pakiti hailiulizi kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya jiko la Unguja. Tambi yenyewe ina sehemu gani katika sahani ya tambi?

Kisiwani, vyakula hivi vimeingia kwa milango miwili, na kila mlango una mapishi yake. Mlango wa kwanza ni wa Bahari ya Hindi. Tambi nyembamba za Unguja ni jamaa wa zile zinazopikwa kwa maziwa na sukari Bara Hindi, na pia wa balaliti ya Omani na nchi za Ghuba, ambayo huliwa asubuhi ikiwa imefunikwa kwa yai la kukaanga. Mjini, tambi huvunjwavunjwa, zikakaangwa kwa mafuta au samli mpaka zigeuke rangi, kisha zikatiwa tui, sukari, iliki na zabibu kavu, moto ukapunguzwa mpaka tui likauke lote. Hazikosekani kwenye futari, na asubuhi ya Idi kuna nyumba ambazo bila tambi Idi haijaanza.

Mlango wa pili ni mpya zaidi. Tangu miaka ya 1990 ufukwe wa Kiwengwa, kaskazini mashariki ya Unguja, umejaa hoteli za Wataliano na wageni wao, hata vijana wengi wa pwani ile wanamsalimia mgeni kwa Kitaliano kabla ya Kiingereza. Spageti ya nyanya na samaki ni kitu cha kila siku katika hoteli hizo. Majumbani pia spageti na makaroni yana nafasi yake: yapo ya mchuzi wa nyama ya kusaga, na yapo makaroni ya nazi, ambayo Mtaliano akiyaona anaweza kuomba radhi na kuondoka mezani.

Milango hii miwili ndiyo inayoamua kama pakiti ya konjaki ina faida au haina. Lakini kwanza mgeni mwenyewe ajulikane.

Konjaki ni mmea wa ukoo mmoja na jimbi. Una kiazi kikubwa cha chini ya ardhi, na kama jimbi, kikiwa kibichi kinawasha vibaya kwa sababu ya fuwele za oksalati. Huko Japani karibu zao lote la nchi hutoka mkoa wa Gunma. Kiazi hukatwa, hukaushwa na kusagwa, na kinachotafutwa ndani yake si wanga bali ni ufumwele uitwao glukomanani. Unga huo ukikorogwa kwenye maji unavimba na kuwa mzito kupita kiasi, kisha hutiwa maji ya chokaa, chokaa ya jamii ileile inayopakwa kwenye jani la tambuu ingawa hii imesafishwa kwa ajili ya chakula. Chokaa na moto huufunga uji huo ukawa kitu kigumu chenye kunepa, ambacho hakiyeyuki tena hata ukikichemsha kutwa. Ukipitishwa kwenye matundu madogo kabla haujafunga, unatoka nyuzi. Asilimia 97 hivi ya nyuzi hizo ni maji, na zilizobaki ni glukomanani, ambayo tumbo la mwanadamu halina kimeng'enya cha kuivunja. Ndiyo maana kalori hazionekani.

Ukifungua pakiti, harufu hutangulia. Ni harufu ya samaki, ya gatini kukipambazuka, ingawa ndani hamna samaki. Inatokana na konjaki yenyewe ikikutana na chokaa. Wengi huishia hapo na kuitupa. Harufu ile huondoka kwa kumwaga maji yote, kusuuza nyuzi chini ya mfereji, kuzichemsha dakika mbili tatu, na kisha jambo ambalo wapishi wavivu huliruka: kuzitia katika kikaango kikavu, bila tone la mafuta, na kuzigeuza kwa mwiko mpaka zianze kulia. Zinalia kweli, mlio mwembamba kama wa ndara zilizolowa kwenye sakafu. Mlio huo ni dalili kwamba maji ya juu yamekwisha na sasa kiungo kinaweza kushika. Asiyezikausha atapata mchuzi uliochanganyika na maji, nyuzi zinazoteleza peke yake na mchuzi uliobaki chini ya sahani peke yake.

Na hapo ndipo tambi za futari zinapokwama.

Tambi ya ngano ni wanga. Chembe za wanga zikipata moto na maji hufumuka na kunyonya kile kilichopo, na ikiwa kilichopo ni tui lenye sukari na iliki, basi tambi inakuwa tui lenye sukari na iliki lililosimama. Ndiyo ladha yake. Konjaki imekwisha shiba maji tangu kiwandani na chokaa imeufunga mlango. Ukiipika kwa tui kwa namna ya tambi za Idi, tui halina pa kwenda: litapungua kwa mvuke, litajikata na kutoa mafuta, na nyuzi zitabaki nyeupe, zikiogelea katika ute mtamu. Mpishi hodari anaweza kulitia tui unga kidogo wa mchele ili liwe zito na kuzishika nyuzi, lakini akishatia unga amerudisha sehemu ya kile alichokuwa anakikimbia.

Tuseme hata hivyo kwamba amefanikiwa, na wageni wamekula bila kugundua. Ameokoa nini? Chukua sufuria moja ya mfano, ya watu wanane: tambi kavu gramu 400, sukari gramu 200, nusu lita ya tui zito, vijiko vikubwa vinne vya mafuta na gramu 50 za zabibu kavu. Tambi zina kalori 1,440 hivi. Sukari ina 780. Tui zito linakwenda 1,150, mafuta 480, zabibu 150. Jumla ni kalori 4,000, sawa na 500 kwa kila mtu. Tambi zenyewe, zile zinazolaumiwa, ni kama asilimia 36 tu ya sufuria. Karibu thuluthi mbili nzima ni vitu vilivyotiwa ili tambi ziwe tamu.

Ukiziondoa tambi za ngano na kutia kilo moja ya konjaki, yaani uzito unaokaribiana na tambi zilizoiva, unapunguza kalori 1,340. Si haba.

Sasa ziache tambi za ngano palepale, ila punguza sukari kwa nusu, acha kasimile na tumia tui jepesi lenye nusu ya mafuta yale, na kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta badala ya vinne. Sukari imetoa 390, tui 575, mafuta 360. Jumla 1,325. Ni kitu kilekile, kwa tofauti ya kijiko cha chai cha sukari, na hujaagizia pakiti Dubai, hujavumilia harufu, na tambi zimenyonya kama zinavyopaswa. Isitoshe, sufuria ya konjaki bado ina sukari gramu 200 ndani yake, gramu 25 kwa kila mlaji. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu hizohizo 25 kwa siku nzima. Mwenye sukari akila sahani hiyo ya konjaki ya tui huku ameambiwa ni chakula cha dayati, ametimiza kiwango chake kabla hajagusa chai.

Suala hili si la watu wachache wanaotaka kupendeza kwenye picha. Utafiti wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta kwamba mtu mzima mmoja kati ya watatu ana shinikizo la juu la damu, na kisukari kilikuwa asilimia 3.7. Kliniki ya sukari ya Hospitali ya Mnazi Mmoja haipungukiwi wagonjwa. Na katika futari, tambi hazikai peke yake: zipo mbele ya muhogo wa nazi, ndizi za nazi, majimbi, mashelisheli, kalimati, sambusa na uji. Meza yenye wanga wa aina tano, ukabadilisha mmoja tu kwa nyuzi za kigeni, ni meza ileile. Mama mkwe aliyeletewa pakiti na mke wa mwanawe atazila, atashukuru, atasema "ahsante mwanangu", kisha atajaza nafasi iliyobaki tumboni kwa kalimati mbili za shira.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba spageti ya ngano haistahili ubaya wote inaopewa. Jedwali la kimataifa la kasi ya vyakula kupandisha sukari kwenye damu, lililochapishwa mwaka 2008, linaiweka spageti nyeupe kwenye 49 hivi, ilhali wali mweupe uko 73 na mkate mweupe 75. Sababu ni muundo wake: unga wa ngano ngumu ukikandwa na kubanwa, protini yake huzizunguka chembe za wanga, na vimeng'enya vya tumbo huchelewa kuzifikia. Ukiipika ikabaki na kiini kidogo, kama Wataliano wanavyotaka, inachelewa zaidi. Ukiipika mpaka imelegea, faida hiyo inapungua. Kwa hiyo mtu wa Mjini anayeiogopa spageti lakini anakula sahani mbili za wali wa nazi mchana ameshika hofu kwa upande usio wake.

Kuhusu glukomanani yenyewe, sayansi ina maneno mawili yanayovutana. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba glukomanani inasaidia kupunguza uzito, kwa masharti: gramu tatu kwa siku, zigawanywe gramu moja moja kabla ya milo mitatu, kila mara pamoja na bilauri moja au mbili za maji, na mlaji awe tayari amepunguza chakula. Mapitio ya majaribio mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakukuta upungufu wa uzito wenye maana kwa waliotumia vidonge vyake. Huenda wote wako sawa. Anayekula tambi za konjaki hapungui kwa sababu konjaki ina dawa ndani. Anapungua, akipungua, kwa sababu mahali pa kalori 300 ameweka kalori 20 na hakuzirudisha kwa mlango wa nyuma.

Anayetumia dawa za sukari, hasa insulini au glibenklamaidi, ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Dozi yake imepangwa kwa chakula anachokula. Akiuondoa wanga ghafla na dawa ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, na mwezi wa Ramadhani hali hiyo ni hatari maradufu. Amwambie daktari kabla ya kubadilisha mlo, si baada. Dawa za kumeza nazo zisinywewe pamoja na mlo wa konjaki, kwa kuwa ufumwele huo mzito unaweza kuzichelewesha kuingia mwilini. Saa moja kabla ni salama zaidi. Na nyuzi zikatwe fupi kwa wazee na watoto. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uuzaji wa jeli ndogo za konjaki kwa sababu ziliwakaba watu koo. Tambi si jeli, lakini asili ya kutoyeyuka mdomoni ni moja. Kwa mtoto hata hivyo swali sahihi ni kwa nini apewe kabisa. Tambi za ngano zikiwa kavu zina gramu 12 au 13 za protini katika kila 100, na konjaki haina chochote cha kumjenga. Visiwa hivi bado vina watoto waliodumaa.

Pamoja na hayo yote, kuna sahani ambayo konjaki inaifaa hasa, nayo ni ile ya mlango wa pili. Spageti ya mchuzi wa samaki: gramu 90 za spageti kavu ni kalori 320, na mchuzi wake, yaani nyanya, kitunguu, thomu, kipande cha jodari na kijiko kimoja cha mafuta, ni kama 210. Hapa tambi ndiyo uzito wa sahani. Ukiiondoa na kutia konjaki iliyokaushwa vizuri kwenye kikaango, sahani inashuka kutoka 530 hadi 240 au chini yake, na mchuzi wa nyanya uliokolea hauhitaji kunyonywa. Unakaa juu ya nyuzi. Katika mapishi ya aina hii pakiti inaleta kile ilichoahidi.

Ila kwa mapishi hayohayo, Marikiti ya Darajani, ambayo imekuwapo tangu 1904, ina kitu cha bei nafuu zaidi. Mumunye lina kalori 14 tu kwa gramu 100. Zukini, ambayo ndiyo inayosifiwa Ulaya na Marekani kwa kazi hii, ina 17, kwa hiyo mumunye halina haja ya kumwonea haya mtu. Chagua changa, lenye ganda linaloingia ukucha, likatwe mapande marefu bila kufika kwenye kokwa, kisha kila pande lichanwe nyuzi nyembamba kwa kisu au kwa kikwangulio cha karoti kwa urefu wake. Kosa linalofanywa na wengi ni kuzichemsha. Nyuzi za mumunye zikichemshwa zinakuwa mboga ya mgonjwa. Zinyunyizwe chumvi, ziachwe kwenye chujio kama robo saa, zikamuliwe kwa mkono, zisuuzwe kidogo chumvi ikizidi, kisha zipite kwenye kikaango chenye moto mkali kwa dakika moja na nusu, zipakuliwe zikiwa bado zinakatika kwa meno. Mchuzi utiwe juu mezani, si jikoni, maana kila dakika ya kungoja zinatoa maji.

Papai bichi nalo linafanya kazi hiyo, na kwa maoni ya safu hii linaishinda zukini. Kalori zake ni zaidi kidogo, lakini nyama yake ni ngumu, haitoi maji ovyo, na inakubali pilipili na ndimu. Watu wa visiwani wanalijua papai bichi kwa kulainishia nyama na kwa achari. Kulichana nyuzi na kuliwekea mchuzi wa pweza ni hatua ndogo tu kutoka hapo. Pweza asiwe wa nazi, kwa sababu ileile ya sufuria ya Idi.

Na mwani? Swali hili linaulizwa na kila anayesikia kwamba Korea wana tambi za mwani zenye kalori chache kama za konjaki. Unguja, kisiwa ambacho kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kisiwa ambacho wakulima wa zao hilo pamoja na wa Pemba ni zaidi ya 20,000 na wengi mno ni wanawake, kinashindwaje kutoa tambi? Jikoni mwani si mgeni: faluda inayogandishwa kwa siku za harusi na Idi hugandishwa kwa agari, na agari hutoka kwenye mwani. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, ni miongoni mwa waliowasukuma wakulima kuacha kuuza mwani mkavu peke yake, na tangu mradi wa kongano la mwani la Zanzibar uanze mwaka 2006 vikundi vya wanawake vimetoa sabuni, juisi, jemu, keki na hata kachumbari ya mwani.

Tatizo liko kwenye aina ya mwani. Tambi za Korea hutokana na alginati ya mwani wa kahawia wa bahari baridi, ambao haulimwi hapa. Mwani wa Unguja unatoa karajinani, na aina zake mbili hazifanani. Spinosamu, unaostawi hata kwenye maji ya kina kifupi, hutoa karajinani inayoganda laini, nzuri kwa dawa ya meno, dhaifu kwa uzi unaotakiwa kuvutwa kwa uma. Kotonii hutoa ile inayoganda imara, na wataalamu wa chakula wanajua kwamba ikichanganywa na glukomanani ya konjaki, mbili hizo hutoa ugumu ambao hakuna inayoufikia peke yake. Kotonii pia ndiyo yenye bei. Na kotonii ndiyo inayokufa. Maji ya pwani ya mashariki yamekuwa ya moto, mwani unapata ugonjwa wa kugeuka mweupe na kukatika, na tangu miaka ya 2000 vijiji vingi vimebaki na spinosamu tu. Dawa iliyojaribiwa ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina kirefu, yaliyo baridi zaidi, kwa kutumia nyavu za mirija badala ya vigingi. Huko kunahitaji ngalawa na kunahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi waliozoea kufuata maji kupwa kwa miguu hawakufunzwa kuogelea. Anayetaka tambi za mwani za Paje aanze kwa kuuliza nani atanunua hiyo ngalawa.

Mpaka hapo, aliyeletewa pakiti ya konjaki na hajui aipike nini anaweza kuwaiga Wajapani wenyewe. Wao hawaitumii sana kwenye sosi nzito. Huitia katika supu, pamoja na nyama na mboga. Kwa Unguja supu hiyo tayari ipo, nayo ni urojo. Uji wake mwepesi wa manjano, wenye ukali wa embe bichi au ndimu, hutiwa unga kidogo tu, unashika nyuzi bila kuhitaji kunyonywa, na ukali unaimaliza ile harufu iliyobaki. Kalori za bakuli la urojo ziko kwenye viazi, kachori, bajia na chipsi za muhogo. Nusu ya viazi na chipsi zote zikitoka, konjaki iliyokaushwa ikaingia mahali pake, mshikaki mmoja na yai vikabaki, bakuli linajaa vilevile na linakuwa mlo wa jioni wa mtu mwenye sukari. Chatne ya nazi itiwe kijiko kimoja, pilipili kwa kadiri ya ujasiri wa mlaji, na bajia mbili zibaki, maana urojo usio na bajia hata Forodhani hakuna wa kuununua.